Tafi Naye Huenda Dago

(Maneno haya yalisemwa bandarini, pwani ya Msambweni, kusini mwa Kenya, mbele ya wavuvi, mama karanga (akina mama wanaokaanga na kuuza samaki) na wanafunzi. Yameandikwa kama yalivyosemwa, pamoja na waliokatiza.)

Assalaam alaykum. Hamjambo nyote.

Wazee wangu, mama zangu, manahodha, na nyinyi vijana mliokalia hori la mtu bila ruhusa yake, shikamooni na hamjambo, kila mtu achukue inayomfaa. Nimeambiwa nizungumze mpaka maji yaanze kujaa, kisha kila mtu akatazame chombo chake. Basi sitazunguka.

Nimekuja na beseni. Ndani mna samaki watatu, tafi, nimewanunua papa hapa asubuhi, na aliyeniuzia yupo, amekaa pale chini ya mkungu, na anajua alinipandishia bei. (Kicheko.) Nimemsamehe. Nitawapasua mbele yenu baadaye kidogo, kwa hiyo mama zangu msiondoke na visu vyangu.

Mimi ni mtoto wa mtega malema, ile mitego ya fito ya kunasia samaki. Baba yangu alitega malema tangu kabla sijazaliwa mpaka mgongo ulipomkatalia, na kile ninachokifanya leo cha kupima samaki kwenye ubao na kuandika daftarini, nilikianza nikiwa mtoto, nikimhesabia yeye. Alikuwa hajui kusoma, lakini ukimwuliza "Baba, kesho tutapata?" haangalii bahari. Anaangalia juu, mwezi uko wapi. Leo nimekuja kuwaeleza kwa nini alikuwa sahihi, na kwa nini usahihi ule ule ndio unaotumaliza.

Kwanza tumjue mwenyewe. Sisi tunamwita tafi. Ukivuka kwenda Tanga na Unguja watakwambia tasi. Shelisheli wanamwita kordonnyen, maana yake fundi viatu. Na wataalamu wamemwandika Siganus sutor. Hilo sutor ni Kilatini, nalo ni fundi viatu vilevile. Kwa nini fundi viatu? Aliyewahi kudungwa hana haja ya kueleza. Mwiba ule ni msharasi mtupu, ile sindano nene ya fundi viatu. Anayo 13 mgongoni, 7 chini karibu na mkia, na minne tumboni, miwili kila upande. Jumla 24, na yote ina sumu. Nilidungwa nikiwa na miaka minane, nikimtoa mmoja kwenye lema la baba kwa papara, na nililia mpaka Alasiri. Mama akautia mkono wangu kwenye sufuria ya maji ya moto, moto wa kuvumilika, na maumivu yakashuka kama mtu aliyezima taa. Nilidhani ni uganga. Baadaye nikafundishwa kwamba sumu ya tafi huharibiwa na joto. Basi fanyeni hivyo hivyo, msipake mafuta ya taa.

Hilo jina la mbele, Siganus, linanifurahisha zaidi. Kulikuwa na mtaalamu mmoja, Peter Forsskål, aliyekuja na msafara wa Denmark kwenye Bahari ya Shamu na Yemen. Alikufa Yemen mwaka 1763, na maandishi yake yakachapishwa 1775, yeye keshazikwa. Alipowakuta samaki wa ukoo huu hakubuni jina. Aliwasikia wavuvi Waarabu wakiwaita sijan, akaliandika hilo. Kwa hiyo mpaka leo, popote duniani mtaalamu anapoandika jina la tafi, anaandika neno lililotoka kinywani mwa mvuvi. Msije mkadhani elimu ya samaki huanzia ofisini.

Sasa maisha yake. Niko tayari kubishiwa.

Tuanze usiku. Ni kaskazi, bahari imelala, maji ni ya joto, nyuzi 28 mpaka 30. Si kama wakati wa kusi yanaposhuka hadi 25 hivi na mtu anaingia majini akitetemeka. Mwezi ni mpevu au umepita upevu kwa siku chache. Tafi wamekusanyika mahali pamoja, kwenye kipande cha mwamba au ukingo wa mlango wa bahari ambako maji yanapita kwa nguvu. Majike wamejaa mayai, madume wamejaa yale majimaji meupe kama tui. Wanamwaga, kila mtu chake, na kazi imekwisha. Hakuna harusi ndefu.

Yai la tafi ni nusu milimita hivi. Ukilishika kidoleni hulioni vizuri. Na tofauti na samaki wengi wa mwambani ambao mayai yao huelea, ya tafi huzama na kunata kwenye chochote cha chini: mawe, mchanga, majani. Jike mmoja mkubwa anaweza kutaga laki kadhaa kwa mkupuo. Msifurahi haraka. Kila kitu chenye mdomo kinayala. Yakisalimika, kwa joto letu huanguliwa baada ya siku moja au mbili, na kinachotoka si samaki bado. Ni uzi unaong'aa, una macho na hamu ya kula. Huo uzi huchukuliwa na maji na kukaa bahari ya wazi wiki tatu mpaka nne hivi, ukila vijidudu vinavyoelea.

Kisha siku moja vinarudi. Hapa nataka mnisikilize, maana ndipo ninapopapenda. Wanarudi kwa makundi, wembamba, weupe kama vipande vya plastiki, huwezi kujua kama hawa watakuwa tafi. Wanaingia kwenye majani ya bahari, yale yale majani mnayoyakanyaga mkienda kuokota chaza na kulalamika kwamba yananuka. Na humo, ndani ya muda mfupi, wanageuka. Rangi inaingia. Utumbo unarefuka. Mtoto aliyekuwa anakula wanyama wadogo sasa anakuwa mla majani, na mla majani sharti awe na utumbo mrefu, kama mbuzi. Ndio maana mama zangu mkimpasua tafi mnakuta utumbo umejikunja kama kamba ya nanga iliyohifadhiwa na nahodha msafi, na ndio maana msipomtoa matumbo mapema ananuka mwani mpaka kwenye mchuzi.

(Mama mmoja: "Na nyongo!")

Na nyongo, ndiyo. Asante shangazi.

Kwa hiyo mnapoona juya linakokotwa juu ya majani ya bahari, na mwisho wa juya mna vitafi vya kidole kimoja vinavyorukaruka, msiseme "ni vidagaa tu, ni vya kitoweo cha watoto." Wale wamekwisha kupita mtihani mgumu kuliko wote. Kati ya laki zile, wao ndio waliobaki. Walikuwa wamefika nyumbani.

Tafi hukua haraka. Hiyo ndiyo rehema yake. Mwenzake chewa, yule mkubwa wa mapangoni, huchukua miaka mingi kabla ya kuzaa mara ya kwanza; ukimvua mmoja umevua ukoo. Tafi ndani ya mwaka mmoja hivi, akiwa shibiri na kidogo, yuko tayari kutaga. Tena hana vituko vya pono, ambaye huanza maisha akiwa jike na akizeeka anageuka dume. Tafi akizaliwa jike atakufa jike. Ni samaki wa kawaida, mwenye maisha mafupi ya miaka michache, anayekula majani, anayezaa sana. Kama kuna samaki wa mwambani ambaye tukimpa nafasi ndogo atatulipa sisi wenyewe, si wajukuu, ni huyu. Nitalirudia hili baadaye mkianza kunikatalia.

Haya, safari.

Watu wakisikia samaki anasafiri wanafikiria jodari anayevuka bahari mpaka Somalia, au nguru anayepita na msimu. Tafi hasafiri hivyo. Muda mwingi wa mwezi yuko mtaani kwake: anakula kwenye majani, usiku anajibanza mwambani, rangi yake imekuwa madoadoa ya kahawia ili asionekane, asubuhi anarudi shambani. Ni mtu wa nyumbani kabisa. Lakini mwezi ukikaribia upevu katika miezi ya kuzaa, anafunga virago. Anaacha majani yake, anapita mwamba mmoja, anapita wa pili, anaungana na wenzake wa mitaa mingine njiani, mpaka mahali pale panapojulikana. Wanakaa siku chache. Wanataga. Wanarudi, kila mmoja kwao.

Wazee wangu, safari kama hiyo sisi tunaiitaje? Mtu anatoka kwao kwa msimu, anakwenda kupiga kambi ufuo wa wengine, kazi ikiisha anarudi?

(Sauti nyingi: "Dago!")

Dago! Tafi naye huenda dago. Ana bandari yake ya kambi na ana mwezi wake wa kwenda. Shelisheli, karibu na kisiwa cha Praslin, watafiti walimpasua tafi kidogo tumboni, wakamtia kidude kinachotoa mlio, wakamshona, wakamwachilia, na vifaa vya kusikilizia vikatandikwa chini ya bahari. Wakaona jambo hili waziwazi. Samaki hufika mahali pa kutagia mwezi unapokuwa mpevu, hukaa siku chache, huondoka, na mwezi mwingine wengi wao hurudi pale pale. Hawabahatishi. Na waliowaonyesha watafiti hao mahali pa kutandika vifaa ni wavuvi wa mitego wa Praslin, ambao babu zao walikuwa wakipajua.

Hapa kwetu vilevile. Mwaka 1990 Micheni Ntiba na Victor Jaccarini walichapisha uchunguzi wa matumbo ya tafi wa pwani ya Kenya, wakaonyesha kwamba ana misimu maalumu ya kutaga. Kwa wataalamu wa wakati ule hilo lilikuwa jambo la kuandikwa, maana wengi waliamini samaki wa nchi za joto huzaa ovyo mwaka mzima kwa sababu hakuna baridi. Baadaye wengine wakaja mpaka hapa Msambweni, wakakaa na watega malema, wakaoneshwa miamba ya tafi, wakapiga mbizi, na hadithi ya mwezi ikawa ile ile. Nilimsimulia baba yangu matokeo hayo. Akaniuliza, "Wamelipwa kwa hilo?" (Kicheko.)

Nipasue samaki sasa. Mzee, nisogezee huo ubao.

Huyu wa kwanza ana sentimita 26. Tumbo jembamba. Tazameni humu ndani, baada ya utumbo, hivi viwili vyembamba kama uzi wa jarife, vyekundu kidogo. Hayo ndiyo mayai yake, hayajakomaa. Huyu alikuwa mtaani kwake, anakula.

Wa pili. Ukimshika tu unasikia. Njoo ushike wewe, binti, usiogope, miiba nimeikata. Unasikiaje?

("Mgumu.")

Mgumu, kama amemeza limau. Tunampasua... basi. Tazameni. Mapande mawili ya manjano, yamejaza tumbo lote, utumbo umesukumwa pembeni mpaka umekuwa kama si kitu. Hana hata nafasi ya kula. Mishipa ya damu inaonekana juu yake kama mito kwenye ramani ya shule. Huyu alikuwa safarini. Siku chache tu angekwisha kumwaga. Aliyemvua anajua alimtoa wapi, nami sitamwuliza mbele za watu.

Wa tatu sitampasua, ni wa chakula changu.

Sasa nije kwenye jambo lililonileta. Kaskazi ndio msimu wetu. Wakati wa kusi bahari inachafuka, vyombo vyetu vidogo havitoki nje ya mwamba, watu wanakula akiba na kukopa kwa tajiri. Kaskazi ikiingia, Novemba, Desemba, kila mtu anatoka. Madeni yanalipwa. Januari shule zinafunguliwa, karo inasubiri. Na ni miezi hiyo hiyo tafi naye anakwenda dago. Yeye anangoja bahari tulivu kama sisi, kwa sababu zake: maji ya joto, na mkondo wa kwenda kaskazini ambao wakati huo umepungua kasi, kwa hiyo watoto hawapelekwi mbali sana wakapotea. Tumepangiwa kalenda moja na samaki wetu.

Mtega malema hodari anafanyaje? Siku za kawaida anatawanya malema yake kwenye majani na miamba, lema hapa, lema pale, chambo mwani, anapata tafi watatu, wanne, wakati mwingine lema limetoka tupu na kaa mmoja mwenye hasira. Mwezi ukipevuka anayahamisha yote, anayashusha penye dago. Siku mbili tatu anayainua na hayainuki, yamejaa mpaka fito zinalia. Mmeona. Mimi nimeona, nikiwa mdogo, baba akicheka peke yake kwenye mtumbwi. Hilo ndilo jambo tamu kuliko yote katika uvuvi, na sitasimama hapa kuwaambia si tamu.

Lakini hesabuni pamoja nami. Malema yale yaliyojaa hayakujaa tafi wa mwamba ule. Wale ni tafi wa mitaa yote: wa majani ya hapa, wa kule kusini, wa mtaa wa jirani yako ambaye wiki hii anainua malema matupu na kudhani amerogwa. Ukiwamaliza pale umemaliza kwa jirani, na umemaliza kwako vilevile. Na umewatoa usiku ule ule kabla hawajataga, au siku ile ile. Kisha sisi wapimaji tunaangalia daftari tunaona mwezi wa Desemba samaki tele, tunaandika "hali nzuri." Hapo ndipo daftari linapodanganya, maana lema la dagoni hujaa hata bahari ikiwa imebakiza tafi wachache, kwa kuwa wachache hao wote wamekuja mahali pamoja. Utajua wamekwisha siku ambayo hata dagoni hawaji. Wako wazee hapa wanaoweza kutaja miamba ambayo zamani ilikuwa na tafi wa mbalamwezi na leo haina.

(Hapa mzee mmoja, mtega malema, alisimama. Maneno yake yalikuwa karibu hivi: "Mwanangu, maneno yako ni kweli, na mwamba mmoja nautaja mimi mwenyewe, siku hizi umekufa. Lakini nikiuacha huu uliobaki siku hizo, wa bunduki ya mshale ataingia usiku na tochi. Wageni wa dago watatia nyavu. Mimi nitakuwa nimefunga mdomo wangu ili mwingine ale." Watu wakapiga makofi.)

Asante, mzee. Hayo makofi yametoka moyoni, na sina jibu la kuyanyamazisha. Mtu mmoja akiacha, ni kweli, amejinyima tu. Ndiyo maana sikuja nyumbani kwako kukwambia peke yako, nimekuja bandarini watu wamejaa, na viongozi wa BMU, kile kikundi cha kusimamia ufuo, wamekaa mstari wa mbele wakijifanya wanaandika.

Niseme nilichokiona na kukisoma kwa wengine. Ndugu zetu wa Ghuba wana samaki wa ukoo huu huu wa tafi, wao wanamwita safi, na wanampenda kama sisi tunavyompenda, wali na safi wa kukaanga. Umoja wa Falme za Kiarabu walifika mahali wakaweka sheria: Machi na Aprili, msimu wake wa kuzaa, havuliwi na hauzwi. Miezi miwili mizima, nchi nzima, sokoni hayupo. Sisemi tufanye hivyo. Wao wana pesa nyingine za kula. Nasema hata wenye pesa wamekubali kwamba samaki huyu ana wakati wake wa kuachwa.

Kuruwitu, kule Kilifi, wavuvi wenyewe walikaa chini wakafunga kipande cha bahari yao miaka ya 2005 na 2006, wakakiita tengefu. Waligombana, ndiyo. Wengine waliapa hawatakubali. Mwaka 2017 wakapewa tuzo ya Umoja wa Mataifa, Equator Prize, lakini ukienda hawakuonyeshi tuzo, wanakupeleka pembeni mwa tengefu kuona watu wanavyopanga vyombo karibu na mpaka. Kwa nini wanasogea mpakani? Kwa sababu samaki hana pasipoti. Watafiti waliowahi kutia alama samaki ndani ya hifadhi za Malindi na Watamu, zile za tangu 1968, waliona tafi ni miongoni mwa wanaotoka nje na kuvuliwa na wavuvi wa kawaida. Tafi ni mtokaji. Hilo lina pande mbili. Hifadhi inakulisha wewe wa nje. Na pia, tafi aliyelindwa mwaka mzima ndani ya hifadhi akitoka kwenda dago, ulinzi wake unaishia mlangoni.

Kwa hiyo ninachoomba ni kidogo kuliko bahari nzima na kidogo kuliko miezi miwili. Ni miamba michache, mnayoijua kwa majina na mimi sitaitaja leo hapa kwa sababu kuna masikio ya kutosha. Ni siku chache kila mwezi, tangu mwezi ukiwa wa siku kumi na nne mpaka bamvua lile, maji makubwa ya mwezi mpevu, lianze kukatika. Na ni miezi ile ya kaskazi tu, ambayo nyinyi mnaijua kuliko mimi. Siku hizo malema yakae kwenye majani, bunduki zikae nyumbani, nyavu zisikaribie. Siku nyingine zote, tegeni mpaka mchoke.

Na fito za lema zikiachwa na upenyo mwembamba pembeni, vitafi vidogo na samaki wembamba wasio na bei vinatoka vyenyewe, anabaki mwenye nyama. Hilo limejaribiwa hapa pwani ya Kenya na waliolijaribu walipata samaki wakubwa zaidi. Lakini leo sitaki kuchanganya mambo. Upenyo ni hotuba nyingine.

Mama zangu, mama karanga, nisiwaache. Najua tafi mwenye mayai anauzika. Najua wako wateja wanaosema "nipe yule mwenye tumbo." Nami nayala hayo mayai, nimeyala tangu mtoto, yakikaangwa kwa ndimu na pilipili hayana mfano. Sitawaambia msiyanunue, maana mkikataa hapa atapelekwa Ukunda. Lakini nyinyi ndio mnaopasua. Hakuna mtaalamu anayepasua tafi wengi kama mama karanga mmoja kwa mwaka mmoja. Nataka watatu au wanne wenu wanipigie alama tu kwenye karatasi: leo mwezi una siku ngapi, wangapi wana mayai, wangapi hawana. Hamhitaji Kiingereza. Alama, mstari, mstari. Baada ya kaskazi mbili tutakuwa na kalenda yetu ya hapa, ya miamba yetu, na hakuna afisa atakayekuja kutupangia tarehe kutoka kwenye kompyuta yake.

(Kijana mmoja: "Na karo ya Januari?")

Karo. Ndiyo. Nilisema nitarudi kwenye umri wa tafi, basi ndio hapa. Ningekuwa ninawaomba mmwache chewa, ungekuwa na haki ya kunifukuza, maana faida yake angeila mtoto wako akiwa na mvi. Tafi aliyetagwa kaskazi hii anaingia kwenye majani kabla kusi haijavuma. Kaskazi ijayo ana shibiri. Karo ya Januari inayofuata inaweza kulipwa na yeye. Ni mwaka mmoja wa kubana mkanda, na hata mwaka huo ni siku chache kwa mwezi, si mwezi mzima. BMU wakitaka, kuna njia ya wenye vyombo kuchangishana ili siku hizo mtega malema asilale njaa. Nimeona makundi ya akina mama hapa yakiendesha vyama vya akiba kwa shilingi ishirini ishirini, kwa hiyo msiniambie hatuwezi kuhesabu.

Na wa bunduki mwenye tochi, mzee wangu aliyesimama, hilo umelisema kweli na halina dawa ya maneno. Litahitaji chombo kimoja kikae pale usiku. Usiku ni baridi, mbu hawako, mwezi ni mkubwa, unaona kama mchana. Mimi mwenyewe nimekwisha kuukaa usiku mmoja nikiwa na baba, si kulinda, tulikuwa tunavua. Maji yalikuwa yanapwa kwa nguvu, na chini yetu tafi walikuwa wanapita, wanang'aa upande mmoja wakigeuka, kisha wanapotea, kisha wanang'aa tena, mpaka baba akaacha kutega akawa anatazama tu. Hakusema kitu. Asubuhi tuliyainua malema yote.

Naona wa hori wameanza kuvuta kamba, maji yanakuja. Nimalize.

Leo mwezi una siku kumi na moja. Zimebaki siku tatu. Nina petroli ya usiku mmoja na tochi mbili, chombo sina. Nahodha mwenye nafasi aniambie kabla ya Magharibi. Na huyu tafi wa tatu, shangazi, kama una mafuta yaliyokwisha kupata moto, nakuja naye sasa hivi.